Homoni ya moyo na figo za mamaangu

Assalaam aleykum jamani. Haya nayaandika kwa wale wenye mzee nyumbani anaumwa presha na figo kwa pamoja, maana mie ndo nnaemuuguza mamaangu huku Pemba miaka sasa, na katika yote niloelezwa na madaktari kuna moja nilipolifahamu likanibadilishia kila kitu, jiko, dawa, hata namna ya kuisoma karatasi ya maabara. Moyo una homoni yake. Unaitengeneza wenyewe, unaimwaga kwenye damu, na kazi yake kubwa ni kuziambia figo zitoe chumvi na maji. Skuli tulifundishwa moyo ni pampu basi, unavuta damu na kuisukuma, hakuna alotwambia kama na wenyewe unatoa homoni, na nnavyoona mie hili lilitakiwa lifundishwe mapema sana kwa sababu nyumba ngapi visiwani hapa hazina mtu wa presha.

Mamaangu ni mtu wa upande wa Micheweni, kalima mwani ujana wake wote, mwanamke wa nguvu khasa, magunia akibeba mwenyewe. Presha kaanza kuumwa tangu mie niko skuli. Dawa ananywa, akijisikia vizuri anaziweka, kichwa kikimgonga anazirudia, na wengi wa rika lake ndo wanavyofanya kwa sababu presha yenyewe haiumi, sasa mtu haumwi pahala atakubalije kumeza vidonge kila siku ya Mungu. Baadae miguu ikaanza kuvimba, jioni ukimbonyeza kwenye ugoko shimo la kidole linabaki palepale, mkojo ukawa una povu, usiku anaamka kila mara. Tukampeleka hospitali wakapima damu na mkojo, wakatwambia figo.

Hapo ndo nilipoanza kuzijua zile hesabu. Kuna taka kwenye damu inaitwa kreatinini, ambayo figo ndo zinazoitoa, wakishaipima wanachukua na umri na kama ni mwanamke au mwanamme wanapiga hesabu figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika, mtu mwenye figo nzima anakuwa kwenye 90 kwenda juu, ikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3 ndo wanasema maradhi sugu ya figo, 15 mpaka 29 hiyo ni hatua ya 4, chini ya 15 figo zimeshindwa. Mamaangu alikuwa 28. Na hakuwa na maumivu yoyote, watu wengi huku kwetu wanangojea kiuno kiume ndo waseme figo, jamani figo za presha zinakufa kimyakimya, hazingojei kiuno.

Tukaenda nalo hilo kwa muda, dawa sasa anameza kwa utaratibu. Kisha akaanza kukosa pumzi, akilala chali anashtuka anataka mito miwili mitatu. Tukapanda boti Mkoani tukaenda Unguja kwa daktari wa moyo, akaandikiwa vipimo, kimojawapo cha damu kinaitwa NT-proBNP, cha kuangalia moyo umeelemewa kiasi gani. Majibu yakatoka 2,300 na pembeni pameandikwa kawaida ni chini ya 125. Alotukabidhi karatasi pale dirishani kaitupia jicho kasema, "Huu moyo ushafeli huu." Mbele ya mgonjwa mwenyewe.

Usiku ule nyumbani kwa shangazi hakukulalika. Karatasi nimeipiga picha nikaituma kwenye grupu la familia, ami akapiga kutoka Muscat anauliza akate tiketi, dada yuko Chake analia, mwengine anasema mrudisheni kwao. Mamaangu kakaa kwenye msala wake anavuta tasbihi hasemi kitu.

Asubuhi tukaonana na daktari, mwanamke, mtaratibu, mie na yeye tunaendana umri. Kaiangalia ile karatasi, kaiangalia na ya figo, akampima mwenyewe eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, bila ya haraka. Akasema misuli ya moyo imenenepa kwa presha ya miaka mingi, kusukuma unasukuma vizuri ila unajaa kwa tabu. Nikamuuliza, dokta, na ile 2,300? Akavuta kiti karibu na mamaangu.

"Mama, nambie. Ulipokuwa ukilima mwani, maji yakijaa yakakufika kifuani, mkojo ulikuwa haukubani?"

Mamaangu kacheka, na tangu tutoke Pemba alikuwa hajacheka. "Unabana mwanangu, tena sana. Sote tukijua, ukikaa majini tu ushabanwa. Sie tukisema baridi."

"Baridi imo na yenyewe. Lakini kubwa ni moyo wako ulikuwa ukizungumza na figo zako."

Akatueleza. Maji ya bahari yanaibana miguu na tumbo, damu ilokuwa imetuama huko chini inapanda juu kifuani, vyumba vya juu vya moyo vinajaa na kutanuka. Moyo haujui kama uko baharini, unachokiona wenyewe ni kwamba damu imezidi. Basi kuta za vile vyumba zimehifadhi homoni inaitwa ANP, zikivutika tu zinaiachia, inasafiri na damu, ikifika kwenye figo zinaanza kutoa chumvi na chumvi ikitoka maji yanaifata, ndo mkojo huo. Kwa mtu mwenye afya mazungumzo haya yanapita kila siku na mwenyewe hana habari, kala pilau ya chumvi harusini, kanywa maji mengi juu yake, damu inajaa kidogo, moyo unatoa amri na ile ziada anaikojoa kidogokidogo.

Mie nilipenda nijue zaidi, niliporudi nyumbani nikawa nasoma kwenye simu usiku kila nnapopata bando. Figo kila moja ina vichujio vidogovidogo kama milioni moja hivi, na kila kichujio kina kimshipa kinacholeta damu na kimshipa kinachoiondoa. ANP inakilegeza kile kinacholeta, inakibana kile kinachoondoa, kwa hivyo msukumo ndani ya kichujio unapanda na kinachochujwa kinakuwa kingi. Kisha kule mbele kwenye vibomba ambavyo kawaida vinairudisha chumvi mwilini, inavizuia visiirudishe. Tena inaikandamiza renini, kitu ambacho figo zenyewe zinakitoa kikaenda kupandisha presha, na inaikandamiza aldosteroni inayotoka kwenye tezi zilokaa juu ya figo, ambayo kazi yake ni kung'ang'ania chumvi. Na mishipa ya mwili inalegea. Yaani ni dawa ya presha ambayo Mwenyezi Mungu kamuekea mja wake kifuani mwake mwenyewe, kila nikilifikiria hili nasema subhanallah.

Na si jambo lilojulikana zamani. Mwaka 1956 watu wenye darubini za elektroni walishaona vijipunje ndani ya seli za vyumba vya juu vya moyo, hawajui vya nini, na mwaka huohuo watafiti wengine wakatia kijiputo ndani ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo wa mbwa, wakikijaza chumba kinatanuka na mbwa anakojoa zaidi. Ikapita robo karne. Ndo Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina alokuwa akifanya kazi Kingston huko Kanada, mwaka 1981 akakamua majimaji ya vyumba vya juu vya mioyo ya panya akawadunga panya wengine, haukupita muda wakaanza kutoa chumvi na mkojo kwa wingi. Mwaka 1988 Wajapani wakaipata ndugu yake, BNP, wao waliipata kwenye ubongo wa nguruwe lakini ikaja kuonekana kwamba kwa binadamu inatoka zaidi kwenye vyumba vya chini vya moyo, vile vinavyosukuma. Moyo ukiitoa BNP kunakatika na kipande cha pili, hicho hakina kazi yoyote mwilini ila kinakaa kwenye damu muda mrefu kidogo kuliko BNP kwa hivyo kinapimika vizuri, na hicho ndo NT-proBNP ilokuwemo kwenye karatasi yetu. Kwa hiyo walichopima kwa mamaangu ni alama ya moyo wake unatoa amri kiasi gani.

Sasa mimi nikakwama hapa. Ikiwa amri iko juu namna ile, si mkojo ungetoka mpaka miguu ikakauka? Mbona mamaangu kavimba na amri inatolewa? Dokta alitueleza lakini alonifahamisha nikatulia ni mjomba wangu wa Wete, nahodha wa zamani, nilipomsimulia kwa simu. Kanyamaza kidogo kisha kasema, "Mwanangu, chombo kinaingiza maji, nahodha anapiga kelele, fueni maji ya ngama! Mabaharia walikuwa wengi, wengine wamekufa, walobaki mikono haiwanyanyuki. Nahodha anazidisha kelele. Zile kelele zinakwambia hali ya chombo, lakini kelele hazifui maji."

Na ndivyo hasa mambo yalivyo kwenye figo sugu. Vichujio vingi vishakufa, vilobaki vichache vinafanya kazi ya vyote na vimeelemewa. Halafu kuna upande wa pili unaovuta kinyume, renini na aldosteroni, kwa mtu wa figo sugu mara nyingi hizo zimewaka, moyo unasema toeni chumvi wao wanasema ishikeni. Halafu hata ndani ya seli za figo zenyewe, homoni ikifika mlangoni kuna kikemikali kinachoupokea ujumbe na kuupeleka ndani, kwenye figo zilizoumia kikemikali kile kinavunjwa haraka kabla hakijafanya kazi ya maana. Na kwa mtu wa moyo sehemu ya BNP inayoonekana kwenye damu ni ile ambayo haijakatwa ikakamilika, ipo kwa idadi lakini nguvu haina. Kwa hiyo figo haziisikii tena homoni sawasawa. Maji yanabaki, moyo unazidi kutanuka, unazidi kuitoa, na presha hapo katikati inaendelea kuziua figo.

Lakini iko na sababu nyengine ya ile namba kuwa kubwa, na hii ndo ningetaka kila anaetoa majibu dirishani aijue. Figo ni moja katika njia za kukiondoa kile kipande kwenye damu. Zikiwa zinachuja 28, kinarundikana. Kwa hivyo ndani ya 2,300 ya mamaangu mmechanganyika mawili, moyo kweli umeelemewa unatoa zaidi, na pia kilichotolewa hakiondoki upesi. Mtu mwenye figo nzima na mtu mwenye figo za 28 wakiwa na namba hiyohiyo moja si hali moja. Ile 125 ya pembeni haikuwekwa kwa ajili ya bibi wa miaka 70 na kitu mwenye figo za hatua ya 4, maana hata umri peke yake unaipandisha, na mapigo ya moyo yakienda ovyo inapanda, na mtu mnene yeye inakuwa chini kuliko inavyotarajiwa. Dokta hakusema tuipuuze, la, kasema wenye namba kubwa kwa jumla hali zao ni za kuangaliwa kwa karibu zaidi, hata kwa wagonjwa wa figo. Alichosema ni kwamba namba moja peke yake haimhukumu mtu, inasomwa pamoja na kreatinini, pamoja na eko, pamoja na mtu mwenyewe anavyopumua, na yenye faida zaidi ni kuifananisha na yake yeye mwenyewe ya mwanzo.

Mamaangu alipofahamu haya kauliza swali moja tu, "Kwa hiyo sijafa?" Dokta kamshika mkono kamwambia hujafa mama, tena tuna kazi ya kufanya.

Ami yangu wa Muscat, yeye ni mtu wa kusoma, akauliza kwa nini basi wasimdunge hiyo homoni yenyewe iwe nyingi. Swali zuri na wakubwa walishalijaribu. Marekani waliipitisha BNP ya kutengeneza mwaka 2001 iitwayo nesiritidi, ya kudungwa kwenye mshipa kwa wagonjwa wa moyo walolazwa hospitali. Watu wakaitumia kwa matumaini makubwa, baadae ikaingia khofu kama inaziumiza figo, ikafanyika utafiti wa watu zaidi ya 7,000 matokeo yakatoka mwaka 2011, figo haikuziumiza lakini msaada wa maana haikuleta, na presha ilikuwa ikiwashuka kupita kiasi. Ndo yale ya mjomba, kumuongezea nahodha sauti.

Njia nyengine ilokuja ni kukizuia kile kimeng'enya kinachoivunja homoni, kinaitwa neprilisini na kwenye figo kimejaa tele. Dawa yake ni sakubitrili, inachanganywa na valsatani, dawa ya presha, kwenye kidonge kimoja, mwaka 2014 utafiti wa wagonjwa zaidi ya 8,000 ambao moyo wao unasukuma kwa udhaifu ulionesha inapunguza vifo na kulazwa kuliko enalaprili, dawa ya presha na moyo ya siku nyingi. Kwa moyo ule ni dawa kubwa. Kwa figo zenyewe, Waingereza wakaijaribu kwa watu 414 wenye figo sugu, mwaka 2018 wakatoa matokeo, baada ya miezi 12 uchujaji wa figo haukutofautiana na walokunywa irbesatani, dawa ya kawaida, ila presha ilishuka zaidi na alama za moyo kuelemewa zilipungua. Kwa hiyo imesaidia moyo, figo zimebaki na mwendo wake.

Na hapa nataka niseme kwa nguvu kidogo. Huku kwetu tuna tabia ya kukopeshana vidonge. Jirani anatumia cha presha kimeisha unamkatia vyako viwili, kwa mapenzi tu. Sasa hiyo sakubitrili ikikutana mwilini na enalaprili au kaptoprili, ambazo zimejaa kila nyumba, mtu anaweza kuvimba midomo, ulimi na koo mpaka pumzi zikafunga, ndo maana madaktari wanamwachisha mtu moja kwa saa 36 kabla hawajamuanzisha nyengine. Na anaetumia sakubitrili akipimwa BNP yenyewe inaweza kupanda kwa sababu haivunjwi, si kwamba moyo umezidi, kwake yeye NT-proBNP ndo inayosomeka. Mamaangu hakuwekwa kwenye dawa hiyo, yeye kapewa losatani ya presha na ile ya kukojoza, furosemaidi, tena kwa dozi kubwa kuliko ya mtu mwengine kwa sababu figo zilochoka dawa ya kukojoza haizifikii kirahisi.

Dada yangu kwa kusikia habari ya bahari akasema basi tumpeleke mama pwani kila jioni akae majini imkojoze. Nilimuelewa, mtu akimpenda mzazi anashika popote. Dokta akakataza kabisa, moyo unaojaa kwa tabu ukiusukumia damu yote ya miguu kwa pamoja maji yanaweza kwenda kwenye mapafu. Kilichowasaidia wakulima wa mwani wenye mioyo mizima si cha kumfanyia mgonjwa.

Kilichobaki mikononi mwetu ni kupunguza kinachoingia. Chumvi. Hapa ndo penye vita vya kweli. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni ya chakula chote cha siku nzima pamoja na ilokuwemo kwenye mkate. Sasa Pemba. Papa mkavu, ng'onda, achari ya ndimu, achari ya maembe, muhogo wa kuchemsha haushuki bila ya papa wa nazi. Mamaangu kakulia kwenye papa mkavu, kumwambia aache ni kumwambia aache kwao. Mwanzo tulimpikia chungu chake mbali, akakataa kula. Hali kabisa, anasema hajawahi kupikiwa peke yake kama mfungwa. Basi tukaamua nyumba nzima tunakula chakula cha mama, chumvi kidogo mno na ladha tunaitafuta kwenye ndimu, thomu, tangawizi, bizari, pilipili mbichi, nazi kidogo. Vile vidonge vya supu vya dukani tukavitoa jikoni, vina chumvi sana na watu hawavihesabu kama ni chumvi. Wanangu walinuna kwa muda, sasa wakila kwa watu wanarudi wanalalamika chakula kikali. Ng'onda imebaki, mara mojamoja, naroweka usiku kucha nabadilisha maji kisha nampa kipande kidogo na nafsi yake inatulia, dokta namwambia na hajanigombeza.

Mtu mmoja alitushauri tununue ile chumvi mbadala inayouzwa kwa ajili ya watu wa presha. Jamani msimpe mgonjwa wa figo bila ya kuuliza. Nyingi zake zimetengenezwa kwa potasiamu, na figo zilochoka haziitoi potasiamu vizuri, na losatani inaizidisha kubaki, ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Kwa sababu hiyohiyo madafu na ndizi anakula kwa kiasi alichopangiwa, na hili watu hawaliamini, dafu kwao ni dawa ya figo. Juisi ya birimbi usiseme, ina asidi ya oksaliki nyingi, ikinywewa nzito inaweza kuziua figo hata za mtu mzima wa afya. Na dawa za maumivu, diklofenaki na bruffeni, zinazuia figo kutoa chumvi na zinazibana mishipa yake, mamaangu magoti yanamuuma lakini anapata panadoli basi.

Mzani tumenunua. Kila asubuhi akishakojoa kabla hajanywa chai anapanda, mie naandika kwenye daftari. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache hayo si mafuta, ni maji, na napiga simu hospitali kabla hajaanza kukosa pumzi. Kwangu mie mzani umekuwa na faida kuliko kipimo chochote kwa sababu unazungumza kila siku na hauna gharama.

Ramadhani ndo ilokuwa ngumu kuliko yote. Hatua ya 4, dawa ya kukojoza, mchana kutwa bila ya maji na joto hili, kisha futari, madaktari wote walomuona wamesema asifunge. Alilia. Miaka yote kafunga, kafunga na mimba, kafunga kwenye mwani. Tukamuita sheikh wa mtaani kwetu akaja kukaa nae barazani, akamwambia maradhi yasiyotarajiwa kupona yana fidya, na anaemlisha masikini kwa amri ya Mola wake yuko kwenye ibada sawasawa. Siku hizi mchele wa fidya anaupima mwenyewe kwa mkono wake, hataki amsaidie mtu, na watoto ndo wanaoupeleka.

Tulirudi Unguja baada ya miezi. Uchujaji ulikuwa 27, yaani haujapanda na hatukuahidiwa kupanda, lakini umesimama na kwa figo hatua ya 4 kusimama ni jambo la kumshukuru Mungu. Miguu imepungua, analala na mto mmoja. NT-proBNP ilitoka 1,500. Dokta kasema namba hii inachezacheza yenyewe hata mtu akiwa hana jipya, mabadiliko ya asilimia 10 au 15 hayamshughulishi, lakini kushuka zaidi ya asilimia 30 hapo anaamini moyo umepunguziwa mzigo kweli. Amri bado inatolewa, ila si kwa kelele zile.

Ami sasa anataka tupime kila mwezi, atalipa yeye. Nimemwambia hela hiyo atununulie dawa za presha za kutosha zisikatike, kipimo tutafanya dokta akitaka, na tutakifanya maabara ileile ya mwanzo kwa sababu mashine zinatofautiana na majibu ya mashine mbili hayafai kufananishwa. Na karatasi ya kreatinini ya siku ileile nitakwenda nayo mkononi, zisomwe pamoja.